Kupika vyakula vya Kiasia bila gluteni: ngano imejificha wapi, na uweke nini badala yake

Mke wangu ana ugonjwa wa siliaki, na mpishi wa nyumba ni mimi. Yeye anapenda vyakula vya Vietnam, mimi roho yangu iko Sichuan kwenye pilipili, na hakuna kati yetu aliyekubali kuhama Asia kwa sababu ya gluteni.

Nilichojifunza, na ndicho nitakachokirudia humu, ni kwamba ngano haikuingia kwenye sosi za Kiasia kwa kubahatisha. Kila ilipo ina kazi. Kwenye sosi ya soya inaleta harufu na utamu wa mbali. Kwenye sosi ya chaza inaleta uzito. Kwenye unga wa mvuje inatenganisha kitu ambacho kwa asili yake ni gundi. Kwenye mvinyo wa mchele wa Kichina uitwao Shaoxing inabeba vimelea vinavyochachusha mchele. Ukiiondoa tu ukaendelea na mapishi, chakula kitakuwa salama lakini kitapooza. Ukijua kazi iliyokuwa ikifanya, unatafuta kitu kingine cha kuifanya, na hapo ndipo mapishi yanapoanza.

Kwanza, mambo machache ya usalama

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mwenye siliaki akiila, kinga yake hugeuka na kuushambulia utumbo wake mwembamba, hata kama kiasi ni kidogo mno. Inakadiriwa kuwa takriban mtu 1 kati ya 100 duniani anao ugonjwa huu, na wengi hawajui. Kanuni za kimataifa za vyakula, Codex Alimentarius, zinataka chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Marekani na Umoja wa Ulaya wanatumia kiwango hichohicho.

Moto hauondoi gluteni. Sosi ichemke saa nzima, itabaki ilivyokuwa.

Na kama unashuku tu lakini hujapimwa, usiache ngano kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa wakati unakula gluteni. Ukiiacha mapema, majibu yanaweza kutoka safi ilhali unaumwa.

Anzia penye mchele

Watu wengi wakisikia chakula cha Kiasia hukimbilia nyama iliyokaangwa kwa sosi ya soya. Huo ni mlango mgumu kuliko yote. Kaskazini mwa China ngano ndiyo nafaka yenyewe, na Japani, ingawa wali ndio chakula, ngano imo ndani ya chupa za ladha. Mimi ningekuanzisha Vietnam, Thailand na kusini mwa India. Kule sehemu kubwa ya mapishi haikuihitaji ngano tangu mwanzo, kwa hiyo huna cha kuondoa.

Angalia chumvi ya Vietnam inakotoka. Ni sosi ya samaki: samaki wadogo wa jamii ya anchovi na chumvi, vikalazwa kwenye mapipa kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima, mpaka vitoe maji ya rangi ya kahawia. Kisiwa cha Phu Quoc kinasifika kwa kazi hiyo. Chupa nzuri ina maneno mawili tu nyuma, samaki na chumvi, pengine na maji au sukari. Zipo zilizoongezwa protini ya ngano ili kunenepesha ladha, kwa hiyo soma, lakini kwa jumla hii ndiyo chupa ya kwanza ninayomwambia mtu anunue. Uchachu unatoka kwenye ndimu na ukwaju, utamu kwenye sukari ya mnazi au ya mtende, na uzito kwenye tui. Kusini mwa India nako, dosa na idli, mikate yao laini, ni mchele na dengu nyeusi za urad vilivyolowekwa, vikasagwa, vikaachwa vichachuke. Ila wakati mwingine kuna idli na dosa za semolina, ambayo ni ngano, zikiitwa rava, hizo ziache.

Mchuzi wa kuchovea wa Vietnam, nuoc cham, ndio wa kujifunza siku ya kwanza. Yeyusha vijiko 2 vya mezani vya sukari kwenye vijiko 7 vya maji ya moto. Ukishapoa weka vijiko 2 vya maji ya ndimu na vijiko 2 na nusu vya sosi ya samaki. Katakata punje moja ya kitunguu saumu na pilipili moja vidogovidogo sana, vitupe juu vielee. Onja. Kikikukaba chumvi kwanza, ongeza maji. Kikikukaba ndimu, ongeza sukari. Usiweke ndimu maji yakiwa ya moto, harufu yake inakufa. Kwetu mchuzi huu unamwagwa juu ya tambi za mchele, nyama choma iliyokatwa vipande vyembamba, tango, mnanaa na karanga zilizopondwa, na hakuna anayeuliza sosi ya soya iko wapi.

Tambi za Thailand za kukaangwa, pad thai, zinasimama kwa vitu vitatu: rojo la ukwaju, sosi ya samaki na sukari ya mtende, kwa vipimo sawa, vikapashwa moto pamoja mpaka sukari iyeyuke. Rojo za ukwaju hazilingani ukali, kwa hiyo vipimo sawa ni mahali pa kuanzia tu. Mapishi mengi yanayosambaa yanaongeza sosi ya soya au ya chaza humo. Haihitajiki.

Sosi ya soya

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu chupa hii ndiyo inayowashinda wengi.

Sosi ya soya ya kawaida ya Kijapani, koikuchi, hutengenezwa kwa soya na ngano kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Ngano hukaangwa kavu, hupasuliwa, huchanganywa na soya iliyopikwa, kisha ukungu uitwao koji, Aspergillus oryzae, huoteshwa juu yake kabla mchanganyiko haujatiwa kwenye maji ya chumvi. Wanga wa ngano unageuka sukari, na sukari hiyo ndiyo inayozaa ule utamu mdogo na harufu inayopanda puani ukifungua chupa. Usukuchi, yenye rangi nyepesi na chumvi kali zaidi, nayo ina ngano. Shiro, ile nyeupe, ndiyo mbaya kupita zote kwetu, maana ngano ni nyingi kuliko soya. Sosi za Kichina, nyepesi na nzito, nyingi zina ngano. Kecap manis ya Indonesia, tamu na nzito, mara nyingi nayo.

Utasikia watu wakisema uchachushaji unaimaliza gluteni. Uchachushaji unaikatakata, kweli, lakini vipande vinavyobaki vinaweza bado kuudhuru mwili, na vipimo vya kawaida vya maabara vilitengenezwa kutafuta gluteni nzima, kwa hiyo vipande hivyo huvipita. Marekani ilitoa kanuni maalumu mwaka 2020 kuhusu vyakula vilivyochachushwa kwa sababu hiyohiyo: mtengenezaji anatakiwa kuthibitisha kuwa malighafi haikuwa na gluteni kabla ya kuchachushwa. Nyumbani kwetu sheria ni fupi: ngano ikiwa imeandikwa kwenye orodha, chupa inarudi rafu.

Badala yake kuna tamari. Ilianza kama maji yaliyochujika kutoka kwenye miso ya soya (miso ni rojo zito la Kijapani lililochachushwa kwa chumvi), na mpaka leo eneo lake ni Aichi, Mie na Gifu, katikati ya Japani. Kwa asili ni soya tupu, ila baadhi ya viwanda huongeza ngano kidogo, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa wazi kwamba haina gluteni. Tamari ni nzito na ina ladha ya nyama zaidi, lakini ile harufu tamu ya ngano haipo. Rudisha kazi hiyo mwenyewe: kwa kila vijiko 3 vya mezani vya tamari, weka nusu kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya siki ya mchele. Ni kitu kidogo, na ndicho kinachotofautisha wali wa kukaangwa unaosisimua na ule wenye chumvi tu.

Korea wanayo sosi ya supu, guk-ganjang, ambayo kwa asili ni soya, chumvi na maji. Ikiwa lebo inakubaliana na asili hiyo, inunue. Ni kali ya chumvi, kwa hiyo tia kwa kijiko cha chai. Ile sosi ya utomvu wa maua ya mnazi uliochachushwa sina ugomvi nayo, ila ni tamu na chumvi yake ni ndogo. Wanaopunguza chumvi wataipenda. Kwenye karai la moto inaungua upesi kwa sababu ya sukari, kwa hiyo itie mwisho.

Chupa nyingine, kwa haraka

Sosi ya chaza: mara nyingi imezitishwa kwa unga wa ngano au ina sosi ya soya ndani. Hoisin, ile sosi nzito na tamu ya Kichina: hivyohivyo. Teriyaki na ponzu za Kijapani: sosi ya soya imo. Siki ya mchele iliyo safi haina shida, lakini siki nyeusi ya Zhenjiang hutengenezwa kwa mchele wa kunata pamoja na pumba za ngano, na ile ya Shanxi huanzishwa kwa chachu iliyotengenezwa kwa shayiri na njegere. Ninachofanya ni kuchanganya vijiko 2 vya siki ya mchele na kijiko 1 cha siki ya balsamiki. Kwa kuchovea maandazi ya nyama yaliyofungwa kwa karatasi ya mchele inatosha kabisa.

Mvinyo wa Shaoxing unaanzishwa kwa chachu ya ngano. Sake, pombe ya Kijapani, iliyo ya mchele mtupu inachukua nafasi yake vizuri. Asiyetumia kileo aweke supu ya uyoga yenye kipande cha tangawizi na tone la siki ya mchele. Kazi ya mvinyo humo ni kukata shombo ya nyama, na tangawizi inaijua kazi hiyo.

Miso zinatofautiana. Ya mchele, kome miso, kwa kawaida ni sawa. Ya shayiri, mugi miso, si sawa kabisa. Ya soya tupu kama hatcho miso ya Okazaki kwa kawaida ni soya, chumvi na maji, ukishasoma lebo, nayo ni rafiki yangu mkubwa. Gochujang, rojo la pilipili la Korea: mchele wa kunata uliomo ndani hauna tatizo lolote, kunata kwake ni wanga tu, lakini kwa desturi huwekwa kimea cha shayiri, na ya kiwandani mara nyingi ina ngano. Doenjang, rojo lao la soya, ya kiwandani nayo iangalie. Wasabi, kile kikolezo kikali cha kijani cha Japani, ya kwenye mrija si wasabi hasa, ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi na wanga, na wanga huo huenda ukawa wa ngano.

Ajinomoto, yaani chumvi ya glutamati, watu huiogopa bure kwa habari ya gluteni. Mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliitambua ladha hiyo kwenye mwani wa kombu mwaka 1908, na viwanda vya mwanzo kweli viliitoa kwenye gluteni ya ngano, maana gluteni imejaa glutamati. Siku hizi inatengenezwa kwa kuchachusha miwa, muhogo au mahindi. Mimi huitumia, robo kijiko cha chai kwenye karai zima, hasa ninapoondoa sosi ya chaza.

Kusoma lebo usiyoielewa

Chupa nyingi za Kiasia zina karatasi ndogo iliyobandikwa juu na aliyeziingiza, na karatasi hiyo mara nyingine imefupisha mambo. Ninaisoma hiyo, halafu ninaibandua na kutazama maandishi ya asili. Kwenye Kichina na Kijapani tafuta alama 麦, au 麥 kwa maandishi ya kale. Ngano ni 小麦, shayiri ni 大麦, kimea ni 麦芽. Alama hiyohiyo imo pia kwenye jina la soba, 蕎麦, yaani mbegu za buckwheat na tambi zake, ambazo kwa asili si ngano, kwa hiyo ikitokea mahali usipotarajia, angalia jirani yake kabla ya kukata tamaa. Kikorea: 밀 ni ngano, 보리 ni shayiri. Kiindonesia: gandum. Kivietinamu: lúa mì.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: sheria za vizio, yaani vyakula vinavyoleta mzio, hazilingani. Umoja wa Ulaya unataka nafaka zote zenye gluteni zitajwe wazi. Marekani na Japani zinalazimisha ngano, lakini shayiri haimo kwenye orodha hiyo ya lazima. Kwa hiyo ile sentensi ya herufi nene isemayo "ina soya" bila kutaja ngano haikupi uhakika kwamba hamna kimea cha shayiri. Soma orodha nzima.

Viungo vikavu, na habari ya mvuje

Mdalasini, karafuu, iliki, bizari nyembamba, giligilani, uwatu, pilipili manga, haradali, shamari, manjano, pilipili ya Sichuan: vyote kwa asili havina gluteni. Hatari inaingia pale vinaposagwa na kuchanganywa kiwandani, kwenye mashine zilizopitisha unga, au vinapoongezewa unga ili visigande. Dawa yake ni kununua vizima na kusaga mwenyewe. Na hata bila siliaki ningesema hivyohivyo. Kiungo kilichosagwa miezi sita iliyopita kimebaki rangi.

Mvuje ndio unaohitaji sura yake. Ni utomvu wa mizizi ya mmea wa Ferula, unaotoka zaidi Irani na Afghanistani, na ukiwa safi ni mabonge ya kahawia yanayonata na kunuka vibaya kiasi kwamba mke wangu ameyapangia kopo ndani ya kopo. Kwa sababu ya kunata huko, mvuje wa unga unaouzwa kwenye vikopo vidogo vyeupe au vya njano huchanganywa na gundi ya mgunga na unga, mara nyingi wa ngano. Mtu anajipikia dengu safi kabisa, anamalizia kwa chembe ya mvuje, na gluteni imeingia dakika ya mwisho. Upo uliochanganywa na unga wa mchele, umeandikwa, tafuta huo. Au nunua bonge: vunja kipande kisichozidi punje ya adesi, kitie kwenye samli ya moto, na kitavimba na kuyeyuka kwa sekunde chache. Harufu inageuka, inakuwa kama ya vitunguu vilivyokaangwa polepole.

Adesi zenyewe zichambue kwenye sinia kabla ya kuziosha. Mashambani mara nyingi hulimwa kwa kupokezana na ngano au shayiri, na punje ngeni hukutwa humo. Kisha: gramu 200 za adesi nyekundu, mililita 800 za maji, nusu kijiko cha chai cha manjano, moto wa wastani dakika 20 hadi 25 mpaka zivurugike. Chumvi weka mwisho. Kwenye kikaango kidogo pasha vijiko 2 vya mezani vya samli, tia nusu kijiko cha chai cha haradali, funika mpaka milio ipungue, tia kijiko kimoja cha bizari nyembamba, pilipili kavu mbili, majani ya karipata kama unayo, halafu mvuje. Mimina yote juu ya adesi papo hapo na ufunike sufuria dakika mbili.

Kwa viungo vitano vya Kichina, kaanga kavu, kimoja kimoja, kisha saga pamoja: anisi nyota 4, kijiko cha mezani cha shamari, vijiko 2 vya chai vya pilipili ya Sichuan, nusu kijiko cha chai cha karafuu, na kijiti cha mdalasini urefu wa kidole. Pilipili ya Sichuan itoe mbegu zake nyeusi, zinasaga meno. Ladha iko kwenye ganda.

Sosi tatu za kujitengenezea

Hizi ndizo zinazoshikilia jiko letu. Zinakaa kwenye mitungi ya kioo yenye utepe mwekundu, na kijiko kilichogusa mkate hakiruhusiwi karibu nazo.

Badala ya hoisin: vijiko 3 vya mezani vya miso ya soya, 2 vya tamari, 2 vya asali au sukari guru iliyoyeyushwa, 1 cha ufuta uliosagwa, vijiko 2 vya chai vya siki ya mchele, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na robo kijiko cha chai cha viungo vitano. Pika kwa moto mdogo dakika 5 huku unakoroga mpaka ing'ae. Kwenye jokofu inakaa wiki mbili.

Badala ya gochujang: vijiko 4 vya mezani vya miso ya mchele, 3 vya pilipili ya Korea iliyosagwa, 3 vya asali, 1 cha tamari, nusu kijiko cha chai cha siki. Koroga bila kupika, iache usiku mzima ili pilipili inywe maji. Pilipili ya Korea, gochugaru, ni nyekundu sana lakini haichomi sana. Ukitumia nyingine kali, punguza kwa nusu na ujazilize kwa paprika.

Ya tatu ni badala ya rojo la pilipili la Sichuan, doubanjiang, na hapa sitakudanganya: hakuna kinachofikia ile ya Pixian, ambayo ni maharage mapana, pilipili, chumvi na unga wa ngano vilivyokaa juani na umandeni kwa muda mrefu. Ninachotumia kwa tofu ya mapo, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa yakapikwa kwa pilipili, ni vijiko 2 vya hatcho miso, kijiko 1 cha mezani cha maharage meusi ya soya yaliyochachushwa, yakiwa yamekaguliwa lebo, na vijiko 2 vya pilipili kavu iliyopondwa. Siri ni mafuta. Kaanga pilipili kwenye mafuta mengi kwa moto mdogo mpaka mafuta yawe mekundu, kabla hujatia miso. Ukiharakisha utapata rojo la kahawia lenye chumvi, na tofu itakusuta.

Karai la nyama, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Loweka uyoga mkavu wa shiitake 5 kwenye mililita 200 za maji ya moto nusu saa. Maji hayo usiyamwage, ndiyo yatakayofanya kazi ya sosi ya chaza.

Kata gramu 500 za nyama ya ng'ombe ukikatiza nyuzi zake, unene wa milimita 3. Changanya na kijiko 1 cha mezani cha tamari, vijiko 2 vya maji, kijiko 1 cha wanga wa mahindi, na mwisho kijiko 1 cha mafuta. Ikande kwa mkono mpaka maji yote yanywewe. Iache dakika 20. Wanga huu unaifunika nyama isikauke.

Kwenye bakuli, koroga mililita 100 za maji ya uyoga, vijiko 2 vya mezani vya tamari, kijiko 1 cha chai cha sosi ya samaki, kijiko 1 cha chai cha sukari na vijiko 2 vya chai vya wanga wa mahindi. Kama una mapishi yanayotaka unga wa ngano wa kuzitisha, wanga wa mahindi weka nusu yake. Wanga wa muhogo unang'aa zaidi lakini unavutika. Wa viazi unazita haraka na kulegea haraka ukikoroga sana.

Pasha karai likiwa tupu mpaka lianze kutoa moshi, tia mafuta, tia nusu ya nyama, uitandaze, uiache bila kuigusa karibu dakika moja, igeuze mara moja na uitoe. Rudia na nusu ya pili. Ukiitia yote kwa pamoja karai litapoa na nyama itachemka kwenye maji yake. Tia tangawizi na kitunguu saumu, sekunde 15, kisha uyoga uliokatwa na brokoli iliyokwisha kupitishwa kwenye maji yanayochemka. Rudisha nyama. Koroga tena bakuli, maana wanga hutuama chini, na umimine pembeni mwa karai. Ikibubujika na kung'aa, zima moto. Mafuta ya ufuta kijiko cha chai, sasa, si mapema.

Tambi na vitu vya kukaangwa

Tambi za mchele, za choroko na za wanga wa viazi vitamu za Korea ni salama. Tambi za Japani za udon, ramen na somen ni ngano. Soba nyingi zina ngano ndani. Ile iitwayo juwari, ya buckwheat tupu, ndiyo isiyochanganywa. Tambi za mchele zilizo bapa loweka kwenye maji ya kawaida dakika 30 hadi 40 mpaka zipinde bila kuvunjika, zimalizikie kwenye karai. Ukizichemsha kwanza zitakatika zote. Tahadhari na seitan na fu, ambazo ni gluteni yenyewe, na vijiti vya kaa wa bandia.

Kwa tempura, yaani vitu vilivyochovywa kwenye rojo la unga vikakaangwa, changanya unga wa mchele na wanga wa viazi nusu kwa nusu, tia maji ya soda baridi sana, koroga kidogo tu. Mafuta yawe mapya. Mafuta yaliyokaanga kitu chenye ngano hayafai tena kwa mwenye siliaki, hata uyachuje vipi.

Kama jiko ni la watu wote

Vyuma na vioo vikioshwa vizuri kwa sabuni havina neno. Mbao na mashimo ndiyo taabu: mwiko, kibao cha kukatia, chujio la tambi, kinu cha mbao. Hivyo viwe viwili viwili, na vya mwenye siliaki viwekewe alama. Karai la chuma lenye utando wa mafuta ya miaka nalo lisishirikishwe. Pika chake kwanza, cha wengine baadaye, na kama kuna anayechekecha unga wa ngano, afanye hivyo sufuria zikiwa zimefunikwa, kwa sababu unga unaelea na kutua polepole.

Mkienda kula kwa watu, beba kichupa cha tamari mfukoni na umwombe mwenyeji akutengee nyama kabla hajaitia sosi. Wengi wanakubali kwa furaha, ilimradi umwambie mapema, asubuhi, kabla nyama haijalowekwa.